Somo: Ni Nani Anayeongea Darasani?

Leo tunaingia darasani. Tukisema darasa hatuna maana ya chumba cha mabati chenye ubao mweusi tu. Kikundi kinapoketi chini ya mwembe kujifunza kuweka hesabu, hapo ni darasa. Mama anapomfundisha binti yake kusonga ugali, hilo nalo ni darasa. Kila mmoja wetu amewahi kufundishwa, na kila mmoja wetu anafundisha mtu, apende asipende.

Swali letu ni hili: mbona watu wawili wanafundisha jambo lile lile, wa kwanza wanafunzi wake wanalishika na wa pili wanafunzi wake wanatoka mikono mitupu?

LENGO LA SOMO
Tukimaliza, kila mwanakikundi aweze:
(a) kutaja njia nne za kufundisha, na kueleza kila moja inamfanyia nini mwanafunzi;
(b) kutambua ni njia gani inayotumika katika kikundi chake na nyumbani kwake;
(c) kuamua jambo moja atakalobadilisha.

Muda: saa moja na nusu.
Vifaa: kikombe kimoja cha maharagwe, chapati mbili, kisu, na chaki au kipande cha makaa.

KUANZA
Kiongozi ampe kila mtu punje tano za maharagwe, na yeye mwenyewe achukue tano. Kila mara mtu anapozungumza katika somo hili, aweke punje moja chini mbele yake. Aliyemaliza punje zake asubiri wenzake. Kusoma makala hii kwa sauti hakuhesabiwi, lakini maelezo ya kiongozi mwenyewe yanahesabiwa. Tutazihesabu mwisho.

1. KISA CHA KITABU CHA PESA

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kufundisha kikundi cha akina mama kumi na wanane jinsi ya kuandika kitabu cha pesa. Nilijitayarisha vizuri sana. Nilichora mistari kwenye karatasi kubwa: tarehe, maelezo, pesa zilizoingia, pesa zilizotoka, salio. Nikaongea saa mbili. Akina mama walikuwa wamekaa kimya, wengine wananyonyesha, wengine wanatikisa kichwa kukubali. Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakajibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Nikanywa chai, nikashukuriwa, nikapanda matatu nikarudi nyumbani nikiwa na furaha kwamba kazi imefanyika.

Baada ya miezi mitatu nikaitwa tena, na safari hii si kwa chai. Kitabu kilikuwa kinasema kuna pesa fulani, lakini sanduku lilipofunguliwa zilipungua shilingi 8,400. Mwekahazina alikuwa amekaa peke yake upande mmoja, analia. Wenzake walikuwa upande wa pili. Mmoja akasema, "Tumeibiwa na mtu tunayekula naye." Wengine walitaka kikundi kivunjwe siku hiyo hiyo.

Tukakaa na kile kitabu mstari kwa mstari. Tukaona kwamba kikundi kilikuwa kimekopesha akina mama watatu shilingi 1,400 kila mmoja, jumla 4,200. Mwekahazina aliandika 4,200 hiyo upande wa pesa zilizoingia. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Si mkopo ni mali ya kikundi? Si utarudi na faida?" Basi pesa iliyotakiwa kutolewa ilijumlishwa, na ndiyo sababu tofauti ikawa mara mbili, 8,400. Hakuna aliyeiba hata senti moja.

Ni nani aliyekosa? Mama huyu alifikiri kwa akili yake na akafikia jibu lenye maana kwake. Mimi ndiye niliyeongea saa mbili bila kumwona hata mama mmoja akiandika mstari mmoja. Niliuliza "Mmeelewa?" nikaridhika na jibu la adabu.

Siku hiyo sikuchora kitu. Niliomba maharagwe na nyungo mbili. Ungo mmoja tukauita sanduku. Ungo wa pili tukauita "mikononi mwa watu." Kila punje ni shilingi 100. Nikamwomba mwekahazina akopeshe wale akina mama watatu tena. Akahesabu punje kumi na nne, akazitoa kwenye ungo wa kwanza, akazitia kwenye ungo wa pili. Akarudia mara ya pili. Mara ya tatu mkono wake ukasimama hewani. Akasema, "Kumbe! Zimetoka! Ni zetu, lakini hazimo sandukuni." Kabla sijafungua mdomo, mama mwingine akauliza, "Sasa zikirudi na faida, tutaandika wapi?" Wakaanza kubishana, na ubishi ule ulikuwa ndio somo. Tulitumia dakika arobaini tu.

Jadilianeni:
- Kwa nini akina mama walijibu "Ndiyo" siku ya kwanza?
- Wewe umewahi kujibu "Ndiyo, nimeelewa" na hukuelewa? Uliogopa nini?
- Ungo na maharagwe vilifanya kazi gani ambayo maneno yangu hayakuifanya?

2. WALIMU WANNE NA CHAPATI MOJA

Sasa tuende shuleni. Tuchukue somo moja dogo: nusu na robo. Mwalimu anaandika ubaoni 1/2 na 1/4, anauliza ipi ni kubwa. Watoto wengi watasema 1/4. Si wajinga. Wamefundishwa kwamba 4 ni kubwa kuliko 2, na wanatumia walichonacho, kama mwekahazina wetu. Tuwatazame walimu wanne wakifundisha somo hili. Kiongozi anaweza kuwaomba wanakikundi wanne waigize.

Mwalimu wa kwanza: anayejaza mtungi
Huyu anasimama mbele, anasema: "Namba ya chini ikiwa kubwa, sehemu inakuwa ndogo. Rudieni." Watoto wanarudia kwa sauti kama wimbo. Wanaandika daftarini. Kengele inalia.

Mtoto amejifunza nini? Amejifunza sentensi. Mtihani ukiuliza kwa maneno yale yale, atapata. Ukigeuzwa kidogo, amepotea njia. Na huyu mwalimu hana namna ya kujua ni nani aliyeelewa, maana sauti ya watoto sitini wakiimba pamoja inaficha wale ishirini wanaofungua mdomo tu.

Hata hivyo, tusimtupe mwalimu huyu. Kuna wakati wa kueleza. Daktari akija kutueleza dalili za malaria, tunataka atuambie wazi, asitufanye tubahatishe. Na mwalimu mwenye watoto themanini katika chumba kimoja hawezi kukaa na kila mmoja. Kueleza si kosa. Kosa ni kueleza na kuishia hapo.

Mwalimu wa pili: mwenye kiboko
Huyu anauliza swali, anamnyooshea mtoto kidole: "Wewe!" Mtoto anasema 1/4. Darasa linacheka. Mtoto anapigwa, au anaitwa kichwa maji.

Mtoto huyu naye amejifunza: amejifunza kunyamaza. Kesho atakaa nyuma ya mwenzake mrefu ili asionekane. Atanakili jibu la jirani. Kosa la mtoto ni dirisha la kumwonyesha mwalimu mawazo yaliyomo kichwani. Kiboko kinafunga dirisha hilo, na mwalimu anabaki kufundisha gizani.

Mimi mwenyewe nilisoma katika mfumo wa 8-4-4. Katika shule yangu, aliyesikika akiongea lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni. Alikivaa mpaka amsikie mwingine akikosea, amvishe yeye. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Lengo lilikuwa tujue Kiingereza. Lakini mimi nilichojua upesi ni kwamba asiyefungua mdomo havishwi kibao. Nilipitisha mwaka mzima nikijibu kwa kichwa tu.

Ni vizuri kikundi kijue sheria pia. Kuchapa wanafunzi kulipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 29, inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema wazi kwamba mwanafunzi asiteswe wala kuadhibiwa mwilini. Lakini sheria haijafika kwenye ulimi. Maneno kama "wewe huna akili" hayaachi alama kwenye ngozi, na mtoto anayabeba mpaka uzeeni.

Katika mkutano mmoja mzee aliinuka akasema, "Sisi tulichapwa, na tukasoma." Watu wakapiga makofi. Nikamuuliza kwa heshima, "Mzee, mlianza darasa la kwanza mkiwa wangapi?" Akasema kama arobaini. "Waliomaliza ni wangapi?" Akaanza kuwahesabu kwa vidole, akiwataja majina. Vidole vya mikono miwili havikuisha. Akakaa chini polepole, akasema, "Wale wengine hatukuwahi kuwauliza." Wapendwa, waliofaulu ndio wanaosimama kwenye mikutano kusifu kiboko. Waliokimbia shule kwa sababu yake hawapewi nafasi ya kusema.

Mwalimu wa tatu: anayeshika mkono
Huyu anafundisha kama mama anavyofundisha kusonga ugali. Kwanza, "Nitazame mimi." Pili, "Shika mwiko, tusonge pamoja." Tatu, "Sasa songa wewe, mimi nimekaa hapa." Katika somo letu, anakata chapati katikati mbele ya watoto. Halafu anakata ya pili mara nne, watoto wakihesabu pamoja naye. Kisha kila mtoto anakunja karatasi yake, anakata nusu na robo, anazilaza moja juu ya nyingine.

Njia hii inafaa sana kwa kazi za mkono na kwa mwanzo wa kusoma na kuhesabu. Mtoto anayumba akiwa bado ameshikwa, kwa hiyo haanguki vibaya. Na katika hatua ya tatu, mwalimu anaona kwa macho yake ni nani anayeweza na ni nani bado. Hatari yake ni kusahau hatua ya tatu. Walimu wengi, na wazazi wengi, tunashika mwiko mpaka ugali unaiva.

Mwalimu wa nne: anayeuliza
Huyu anaweka chapati mbili mezani. Ya kwanza ni ya watoto wawili. Ya pili ni ya watoto wanne. "Wewe ungependa kukaa meza ipi?" Watoto wote wanapiga kelele, "Ya wawili!" Anauliza, "Kwa nini?" Mmoja anasema, "Kwa sababu ya wanne inakatwa sana." Hapo ndipo mwalimu anaandika 1/2 na 1/4 ubaoni na kuuliza, "Hii 4 ya chini inatuambia nini?" Watoto wanasema wenyewe: watu wanne. Kisha anauliza, "Na 1/8 je?" Hakuna aliyewafundisha thumuni, lakini wanajibu.

Mtoto huyu amejifunza jambo analoweza kulibeba mpaka sokoni. Lakini msidhani njia hii ni rahisi. Mwalimu asipojitayarisha, darasa linageuka kuwa kelele. Akikubali jibu la mtoto mmoja mwerevu kila siku, wengine wanakuwa watazamaji tu. Na swali lisilo na mwisho linachosha: lazima mwalimu mwenyewe ajue anakokwenda.

Jadilianeni:
- Ulipokuwa shuleni, ni yupi kati ya hawa wanne aliyekufundisha? Unakumbuka nini kutoka kwake?
- Wewe nyumbani ni mwalimu wa ngapi? Mwulize mtoto wako akwambie.

3. MAMBO YALIYOONEKANA KWINGINE

Msidhani haya ni mawazo yangu tu. Tutazame mifano minne.

Brazili, 1963. Mwalimu Paulo Freire na wenzake walifundisha watu wazima wapatao 300 katika mji mdogo wa Angicos kusoma na kuandika kwa muda wa saa kama 40. Wakati ule nchini Brazili asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura, kwa hiyo jambo hili lilikuwa zito. Freire hakuanza na a, e, i, o, u. Alianza na maneno ya maisha ya watu wenyewe, kama vile tofali au kazi. Walizungumza kwanza: ni nani anayejenga nyumba, na ni nani anayelala ndani yake? Kisha walilikata neno vipande. Hata sisi tunaweza. Chukueni neno MAJI. Andikeni ma, me, mi, mo, mu, halafu ja, je, ji, jo, ju. Kutoka hapo mtu ambaye hajawahi kushika kalamu anaweza kuunda mama, mimi, moja, jema. Mwaka 1964 wanajeshi walipopindua serikali, Freire alifungwa, kisha akaenda uhamishoni. Watawala wale waliona kwamba mtu aliyefundishwa kuuliza swali darasani atauliza na nje pia. Mawazo yake yalifika Kenya katika miaka ya 1970 kupitia mafunzo ya DELTA yaliyoendeshwa na Kanisa Katoliki, na vikundi vingi vya leo vimezaliwa na mbegu ile.

Busia na Teso, miaka ya 1990. Shule kadhaa ziligawiwa vitabu vya kiada ili kuona kama matokeo yatapanda. Watafiti waliona kwamba, kwa jumla, alama hazikupanda. Waliosaidika ni wale watoto waliokuwa tayari wako mbele. Sababu moja ilikuwa kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa kule kilikuwa lugha ya tatu. Kitabu kizuri ambacho mtoto hawezi kukisoma ni kama mtungi uliojaa wenye mdomo ulioziba.

Magharibi mwa Kenya, kuanzia 2005. Shule 121 zenye darasa la kwanza moja lililojaa watoto ziliongezewa mwalimu ili darasa ligawanywe mara mbili. Nusu ya shule hizo ziligawa watoto bila kuchagua. Nusu nyingine ziliwagawa kulingana na kiwango walichofikia, walio mbele pamoja na walio nyuma pamoja. Baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawa kwa kiwango zilifanya vizuri zaidi, na si walio mbele peke yao: hata walio nyuma walipanda. Maelezo yake ni kwamba mwalimu aliweza kuanza pale watoto walipo, badala ya kufundisha wale wa mbele na kuwaacha wengine. Angalieni, hii haina maana ya kuwaita wengine wajinga na kuwafungia nyuma. Maana yake ni kumwuliza kila mtoto, "Umefika wapi?" na kuanzia hapo.

Kenya nzima, kuanzia 2015. Mpango wa Tusome ulileta njia ya "mimi, sisi, wewe" katika kufundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza kwenye madarasa ya chini. Kila mtoto alipewa kitabu chake, walimu walipewa mwongozo wa kila kipindi, na maofisa wa elimu walitembelea madarasa kuwasaidia. Kiwango cha kusoma kilipanda. Hapa vitabu vilisaidia, kwa sababu havikutumwa peke yao. Vilikuja pamoja na njia ya kufundisha.

Mnaona uzi unaounganisha mifano hii minne? Vitabu, majengo na viti vina kazi yake. Lakini mtoto anajifunza pale mwalimu anapojua alipo, na pale mtoto mwenyewe anapofanya kazi ya kufikiri, kusema na kujaribu. Somo linapimwa kwa kile mwanafunzi anachoweza kufanya baadaye, halipimwi kwa wingi wa maneno ya mwalimu.

4. TUACHE KUULIZA "MMEELEWA?"

Swali hili lina jibu moja tu, nalo ni "Ndiyo." Nani atasimama mbele ya wenzake aseme yeye ndiye hakuelewa? Badala yake tujaribu haya:
- "Nionyeshe."
- "Mweleze jirani yako kwa maneno yako mwenyewe, nami nisikie."
- "Ukifika nyumbani, utamwambia baba watoto tulisoma nini leo?"
- "Ni wapi penye ugumu zaidi?" (Swali hili linakubali mapema kwamba ugumu upo, kwa hiyo mtu haoni haya.)

Halafu mwalimu anyamaze. Ahesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kujijibu mwenyewe. Mtajaribu na mtaona kwamba kunyamaza sekunde kumi ni kazi kuliko kulima.

5. SISI TUFANYE NINI?

Nyumbani
Mtoto akirudi shuleni, wengi wetu tunauliza, "Umekuwa nambari ngapi?" Tuulize pia, "Leo uliuliza swali gani?" au "Nifundishe ulichofundishwa." Mtoto anayemfundisha nyanya yake atajua mwenyewe mahali asipoelewa. Nyanya hahitaji kujua kusoma ili asikilize. Na mwache aeleze kwa lugha ya nyumbani. Aliyeelewa jambo kwa lugha ya mama atalihamisha kwa lugha nyingine, lakini asiyeelewa hana cha kuhamisha.

Jambo la pili ni mtaala wa umilisi, ambao ulianza madarasa ya chini mwaka 2019. Wazazi wengi tunalalamika kwa sababu ya vitu tunavyoombwa kununua na kazi za kutengeneza. Malalamiko mengine ni ya haki, na yapelekwe shuleni. Lakini tujichunguze na sisi. Mtoto akiambiwa atengeneze ufagio, na mama akautengeneza saa nne usiku mtoto amelala, aliyejifunza ni mama. Heri ufagio uliopinda wa mtoto kuliko ulionyooka wa mzazi.

Shuleni
Tusiende kumgombeza mwalimu. Yeye naye alifundishwa na mwalimu wa kwanza na wa pili, na ana watoto wengi na muda mchache. Twende kupitia bodi ya shule au mkutano wa wazazi, tuulize kwa adabu: watoto walio nyuma wanasaidiwaje? Kikundi kinaweza kufanya nini? Kikundi kinaweza kukusanya vifuniko vya chupa, vijiti na punje za kuhesabia bila kutumia shilingi. Mzee anayejua kusuka kamba au mama anayejua mbegu za asili anaweza kuomba nafasi ya kuwaonyesha watoto. Na ikiwa mtoto anapigwa au kutukanwa, tusinyamaze. Tuandike tarehe na kilichotokea, tuanze na mwalimu mkuu, na tusipopata msaada twende kwa afisa wa elimu au afisa wa watoto.

Kikundini
Mgeni akija kutufundisha kilimo, mkopo au afya, tumwombe mambo mawili: atuonyeshe, na atuache tujaribu mbele yake. Hatumvunjii heshima tukisema, "Mwalimu, kabla hujaondoka, tuandike mstari mmoja kila mtu." Kama akina mama wale wangeniambia hivyo siku ya kwanza, wangeokoa miezi mitatu ya uchungu.

6. SASA TUHESABU PUNJE

Kila mtu atazame punje zilizo chini mbele yake na zilizobaki mkononi.
- Ni nani aliyemaliza zote tano? Ni nani ambaye bado anazo zote?
- Wenye punje nyingi mkononi ni wa aina gani? Ni vijana? Ni wageni? Ni akina mama waliokaa nyuma? Ni wale ambao hawakuenda shule?
- Tulipoteza nini kwa kutowasikia?
- Kiongozi alitumia punje ngapi?

Tusimcheke mtu. Asiyeongea leo ana sababu yake, na labda sababu hiyo ilianzia kwenye dawati miaka mingi iliyopita. Mwenye punje zote aulizwe kwa upole kama angependa kutumia moja kabla hatujafunga. Akikataa, aachwe. Mwezi ujao aulizwe tena.

KAZI YA NYUMBANI
Kila mmoja achague mtu mmoja wa kumfundisha jambo moja mwezi huu: kupandikiza miche, kuandika jina, kutia kiraka, kutuma pesa kwa simu. Afuate hatua tatu: nitazame, tufanye pamoja, fanya wewe. Asiulize "Umeelewa?" hata mara moja. Tukikutana tena, asilete ripoti ya maneno. Amlete yule mtu mwenyewe, atuonyeshe anachoweza kufanya.

Na yule mwekahazina? Kikundi hakikuvunjwa. Wenzake walimwomba msamaha siku ile ile, naye akakubali kuendelea, kwa sharti moja: kwamba kila mwezi mama mwingine aandike kitabu, yeye akiwa amekaa kando. Nilipowatembelea mara ya mwisho, mama ambaye hakuwahi kukanyaga shule alikuwa ameshika kalamu, anachora vijiti na miviringo yake upande wa pesa zilizotoka. Mwekahazina alikuwa kando yake, mikono imefungwa kifuani, hasemi kitu. Mimi nilitaka sana kueleza jambo. Nikajizuia.